Kozi ya Sitini na Tatu

Shee, keti papa hapa,
barua waliyokupa
usiikunje kwa pupa
ukaitia kapuni.

Umeitwa, tumecheka,
halua imekatika,
sasa geuza waraka
usome na mgongoni.

Miaka ni minne tu,
kozi sitini na tatu,
na hakuna ya "si kitu",
hata ile ya pembeni.

Kuna za msingi, nguzo,
kuna na zenye vikwazo:
huingii bila mwanzo,
kama ngazi za darini.

Za hiari wateua:
viumbe, bahari, mvua,
au hesabu za jua
na za nyota za angani.

Na insha nayo wadai,
mbovu wa insha hafai;
uilalie ja yai
mpaka ije nuruni.

Kisha miezi mitatu
bandarini, na viatu
vya chuma, kupima kutu
ya makontena gatini.

Maabara ndiyo hasa:
ukikosa, umekosa;
hapana hongo ya pesa
irudishayo saini.

Nikwambie langu mimi,
usinambie: "Husemi",
limeniganda ulimi
tangu mwaka wa johoni.

Joho nilishalipia,
mama akaazimia
pilau ya watu mia,
sufuria za jirani.

Orodha ikabandikwa,
nikasoma, nikarukwa:
Mwanakheri hakuwekwa
juu, kati, wala chini.

Nikenda kwa Bwana Tsuma,
akafungua, kasoma:
"Kozi moja imekwama,
ya kemia, ya mwanzoni.

"Sitini na mbili zipo,
moja tu ndiyo haipo;
siku nne hukuwapo
kwenye sahihi za Juni."

Kweli sikuwapo, Shee:
baba kalazwa pekee,
nani tena amlee,
nawe ungali tumboni?

Nalivuka kwa kivuko
nikishika kifuniko,
feri yatikisa huko
na uji u mapajani.

Mama miguu mizito,
mimi ndimi wao mto,
kemia ikawa ndoto,
koti liko ukutani.

Nililia. "Safu ipi
ya huruma? Iko wapi?
Fomu yenyewe ni fupi,
haiulizi 'Kwa nini'."

Sufuria zikarudi
bila moshi wala udi,
Tudor nikapiga hodi
na watoto darasani.

Waliniita "Mwalimu",
wakanipisha kwa hamu,
nikashika yangu zamu
na binti wa Mikindani.

Bureti nikaijaza,
bomba nikalilegeza,
tone, tone, naongeza,
na jicho li mstarini.

Tone la mia ni maji,
la mia mbili ni maji,
kisha moja, kama jaji:
kukawa waridi ndani.

Rangi yenyewe nyepesi,
ya ufizi wa Anisi;
nikaitazama basi,
nikacheka mkononi.

Nikamkumbuka Tsuma
na fomu isohuruma:
tone moja likikwama
hakuna rangi chupani.

Bado, Shee, nina donge:
lau ni mimi, nipange,
fomu kifungu niunge
cha baba hospitalini.

Pilau, mwaka wa pili,
ilikuwa ya wawili;
mia hawakukubali
kuitwa tena mwakani.

Wewe ukalamba mwiko,
wauliza: "Joho liko?"
Limo ndani ya mfuko
hadi leo, kabatini.

Sasa chukua kalamu,
hesabu zamu kwa zamu,
na penye neno "Lazimu"
pigia mstari chini.

Ukishikwa na msiba
andika, hata kwa haba,
ipigwe muhuri, baba,
iingie failini.

Haya, koti lile pale,
lina tundu, ni la kale;
kunja mikono, litwale,
usiache ukutani.